Nilimtafuta Babu Berlin, Nikamkuta Bukumbi

Mwangaluka, watu wa Mwanza! Na nyie wa Ukerewe msininunie, leo mmo, tena sana.

Wengi mmeniuliza habari za baba yake babu zimefikia wapi. Jina lake silitaji. Shangazi kakataza, na shangazi yangu akishakataza kitu, kimekatazwa.

Kwetu tumekua tukisimuliwa kwamba mzee huyu alikuwa askari wa Mjerumani tangu ujana, na kwamba 1964 alipanga foleni Mwanza kuchukua haki yake. Habari ya malipo ni ya kweli. Mwaka ule Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha askari wa zamani walipwe malimbikizo ya mishahara, na ofisi ya kulipia ikafunguliwa hapo hapo Mwanza. Inasimuliwa kwamba wazee kama 350 walijitokeza, wenye vyeti wachache mno. Basi mtu wa benki akawa anamkabidhi kila mzee ufagio, anapiga amri kwa Kijerumani, mzee aushike kama bunduki. Eti hakukosea hata mmoja! Huenda imetiwa chumvi, lakini mimi naipenda hivyo hivyo.

Mimi niko Berlin, nikaona kazi ni nyepesi. Hifadhi ya nyaraka ya serikali iko Lichterfelde, unapanda treni ya mjini tu, na mafaili ya iliyokuwa ofisi ya makoloni yapo, mengi yamewekwa mtandaoni bure. Ukitafuta, andika walivyoandika wao: Muansa. Halafu jiandae kwa ule mwandiko wao wa zamani, macho yatakutoka. Nimesoma kodi ya vibanda, nimesoma pamba mpaka nikachoka. Maofisa wametajwa kwa jina na cheo. Watu wetu nilichokuta ni idadi: askari kadhaa, wapagazi kadhaa. Na kumbukumbu nyingi za jeshi lao la zamani ziliteketea kwa mabomu Potsdam, Aprili 1945.

Waingereza nao wasicheke. Mwaka 2021, kamati iliyoundwa na tume yao ya makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa Vita ya Kwanza ya Dunia, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwahi kuandikwa majina popote kwenye kumbukumbu zake. Pengine wafika 350,000.

Binamu yangu wa Misungwi ndiye akasema, "Dada, mbona hujauliza Bukumbi?"

Bukumbi, jamani! Mapadri Weupe, wale wamisionari wa Kikatoliki, walifika pale 1883. Binamu akaenda kwa adabu, akamwona paroko, akaruhusiwa kupiga picha ukurasa mmoja wa kitabu cha ubatizo. Kilatini kitupu, lakini mstari mmoja umebeba ukoo mzima: jina lake la kwao, jina la Kikristo, baba yake, MAMA yake, kijiji, msimamizi. Mama yake! Hilo jina hakuna aliyekuwa nalo pale nyumbani.

Mwaka ni 1912. Sasa sikilizeni vizuri. Kwa Mapadri Weupe mtu mzima hakuwa anabatizwa akija tu, alisoma dini kama miaka minne kwanza. Kwa hiyo tangu 1908 hivi alikuwa mwanafunzi wa misheni. Hiyo habari ya askari tangu ujana haikai. Kama alishika bunduki ya Mjerumani, basi ni baada ya vita kuanza 1914, pengine kama rugaruga tu, yaani mpiganaji msaidizi asiye askari rasmi, na Waingereza wakaiteka Mwanza Julai 1916. Baba hajafurahi kabisa. Namwelewa.

Kuna na cha pembeni. Tangu 1908 Kanisa Katoliki liliagiza ndoa ya mtu iandikwe pia kando ya jina lake alikobatizwa, hata akioa parokia nyingine. Kwa hiyo mkipata picha ya ukurasa, msikate pembeni! Pembeni mwa jina la mzee wetu pameandikwa Kagunguli, Ukerewe, na jina la mwanamke ambaye si bibi yetu.

Nikampigia shangazi. Akanyamaza kidogo, kisha: "Huyo ni mke wa kwanza. Walikuwa na watoto wawili." Nikamuuliza mbona hakusema miaka yote hii. "Nani aliniuliza?"

Basi nimemrekodi kwa simu saa nzima, na ninawaomba mwarekodi wa kwenu wiki hii, waulizeni hasa majina ya kina mama na vijiji walikotoka, kwa sababu hayo ndiyo yanayokupeleka kwenye kitabu sahihi.

Binamu anavuka Jumamosi kwenda Nansio, kisha Kagunguli. Mlioko kule, kama mnafahamiana na katibu wa parokia, mwambieni kuna kijana wa Misungwi anakuja, na barua ya paroko wake anayo mkononi.