Sikio la Bibi

Asanteni, mwenyekiti, na nyinyi nyote mliokuja. Nimeombwa nizungumzie uzee. Ninyi mtaniwia radhi nikiuzungumzia kwa njia ya sikio langu, kwa kuwa ndilo lililoniambia kwamba nimezeeka.

Nina miaka 68. Macho yalitangulia, nilipoingia miaka ya 40. Lenzi ya jicho huwa ngumu kadiri umri unavyokwenda. Nikapimwa, nikapata miwani, yakaisha. Hakuna aliyeninong'ona.

Sikio liliingia nyumbani kwetu kama ugomvi. Siku moja mjukuu wangu, wakati huo ana miaka sita, alisimama mlangoni akaniambia jambo. Mimi nilikuwa nakunja nguo. Akarudia. Nikamwitikia, "Ndiyo, mjukuu wangu," kwa sababu nilishazoea kuitikia ndiyo kila nisiposikia. Usiku binti yangu akaja kuniuliza: "Mama, ulimwahidi mtoto utamsikiliza akisoma shairi lake, mbona umelala?" Alikuwa amenisubiri na karatasi yake mpaka usingizi ukamchukua palepale.

Sikulala tena usiku ule.

Wanangu walikuwa wameshaanza maneno ya pembeni. Mama anasahau. Mama siku hizi anasikia anachokitaka. Hili la pili liliniuma zaidi, maana walikuwa na ushahidi: kijana wangu akiniita kutoka nje, naitika; mtoto akiniita hapa ubavuni, kimya. Hata mimi nikaanza kujishuku.

Mtaalamu wa masikio ndiye aliyenitua mzigo. Ndani kabisa ya sikio, alinieleza, kuna chembe zenye vinyweleo vidogo mno vinavyopokea mtikisiko wa sauti, na zikifa hazioti nyingine. Umri huanza na zile zinazopokea sauti nyembamba. Sauti ya mtoto ni nyembamba. Ya baba yake ni nzito. Na hata anapozungumza mtu mzima, vokali husikika vizuri, lakini s, f na sh ni hafifu, zinapotea. Chukueni maneno shuka, suka na fuka. Yaondoeni sauti ya kwanza muone kinachobaki: uka, uka, uka. Huko ndiko nilikokuwa naishi. Nasikia kwamba nasemeshwa, sijui nimeambiwa nini.

Ndiyo maana nawaomba, wanangu, msitupigie kelele. Kelele huzidisha vokali ambazo tayari tunazisikia, na uso wa anayepiga kelele unaonekana kama umekasirika. Zimeni televisheni. Njooni mbele yetu, tuuone mdomo. Semeni taratibu. Na msimgeukie aliye jirani mkamwuliza, "Bibi anataka nini?" Bibi yupo, mwulizeni yeye.

Nanyi wenzangu mnaoitikia ndiyo ovyo kama nilivyofanya: nakujueni kwa macho, hata humu ukumbini nawaona. Tumelea watoto kwa kuwasikiliza, kwa hiyo kukiri kwamba hatusikii ni kama kukiri kwamba tumeacha kuwa mama. Mimi niliacha hata kukaa sebuleni na wengine. Mwaka 2017 kamati ya wataalamu ya jarida la tiba la The Lancet iliweka kupungua kwa usikivu miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na ambayo yanaweza kushughulikiwa. Kwenda kupimwa si jambo la kuahirisha. Mimi niliahirisha miaka miwili, na miaka hiyo ni ya utoto wa mjukuu wangu.

Nilipopata kifaa cha usikivu alikuwa na miaka minane. Nikamwomba lile shairi. Karatasi ilishapotea, na maneno hayakumbuki. Akaleta jipya, akakaa mbele yangu, akasoma. Nikamwambia arudie ubeti wa pili. Akaniuliza, "Hukusikia, Bibi?" Nikamjibu kwamba nimesikia vizuri sana, nimeupenda tu.