Maji, pumzi na trei ya juu

Asalaam aleikum jamani, na nyinyi mliovuka asubuhi hii kutoka Mokowe, poleni na safari. Leo tunajifunza kuchukua chapa ya meno, yaani umbo la meno na ufizi wa mgonjwa, na naanza na maji, maana hapo ndo kazi zetu nyingi huharibikia. Poda ya algineti, ile tunayokoroga na maji tukaijaza kwenye trei na kuibana menoni mpaka igande, inatokana na mwani, na maji yakiwa ya moto inaganda mbio, sasa we fikiria tangi letu juu ya paa saa saba mchana hapa Lamu, unafungua mfereji maji yanatoka ya kuogea mtoto, umekoroga hujafika mdomoni imeshakua jiwe. Inataka maji ya nyuzi 20 hadi 23 hivi. Weka chupa kwenye friji, changanya na ya mfereji, pima na themomita, usikisie kwa kidole. Kisha isage kwenye ukuta wa bakuli mpaka iwe laini kama malai, sekunde 45 au dakika moja hivi, ukiona chembechembe bado.

Kuna bibi alitoka Faza nikiwa bado mgeni wa kazi. Nilimlaza kitini, nikaijaza trei ya taya ya juu pomoni, sikumweleza lolote. Ile kitu ikamshukia kooni akanikamata mkono kwa vidole vyake vya hina akibana hasa, machozi yanamtoka, ikabidi niitoe haijaganda. Tulipokuja kumaliza maji yameshatoka, boti haipiti tena Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya Manda na bara, bibi wa watu akalala mjini. Mpaka leo inaniuma. Kwa hiyo mkalishe wima, anza taya ya chini azoee, mwambie "bibi, inamisha kichwa kidogo, vuta pumzi kwa pua", na trei ya juu ibane nyuma kwanza ndo mbele, ile iliyozidi itokee midomoni isiende kooni. Kutoa ni mvuto mmoja wa ghafla, ukiitingisha inachanika.

Suuza, tia dawa ya kuua vijidudu, ifunge na kitambaa kibichi ndani ya mfuko. Ikikauka inasinyaa, ukiiacha majini inavimba, so mimina plasta ndani yake mapema upate mfano wa meno, kabla nusu saa haijapita. Kuipakia boti hivyohivyo iende maabara Mombasa, hapana.

Skana, ile kamera ya kupiga umbo la meno mle kinywani, ndo imetuondolea hiyo, faili linafika maabara mgonjwa bado yuko kitini. Lakini mate huidanganya, kausha meno, anza juu panapotafuna, kisha upande wa ulimi, umalizie wa shavu, polepole. Na kinywa kisicho na jino hata moja huisumbua, ufizi unachezacheza, kwa hiyo trei msizitupe.

Kule Uingereza nesi wa meno huchukua chapa akishaisomea, tena kwa maagizo ya daktari, na mimi naona ni sawa kabisa.

Haya, vueni pete, kaeni wawili wawili. Kila mtu akae kitini yeye kwanza, aisikie hiyo trei ya juu, ndo amshike mwenzake.