Maiki ya Bei Nafuu kwa Geto Lenye Kelele

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunaye mwimbaji chipukizi: ana laptopu, ana geto Mbagala, na kibubu amekivunja. Aanze kununua nini? Kaka Beka?

BEKA: Nitamuuliza kwanza, dada: ukinyamaza humo chumbani, unasikia nini?

ZUHURA: Mbagala? Bodaboda, redio ya jirani, feni...

BEKA: Basi kondensa, ile aina ya maiki ya studio, asiiguse kwa sasa. Ni kali kweli, inanasa mpaka pumzi, lakini na feni inainasa, na mwangwi wa ukuta mtupu juu yake. Achukue dainamiki, ile aina ya maiki ya jukwaani. Shure SM58 ipo sokoni tangu 1966, inadondoshwa majukwaani na bado inafanya kazi. Vya mbali haivisikii sana, na hicho ndicho anachokitaka.

ZUHURA: Ila Kariakoo nimeona SM58 za bei ya chipsi kuku!

BEKA: Feki hizo! Zimezagaa dunia nzima. Kuliko Shure ya uongo, heri Behringer XM8500 ya kweli. Bei yake ni ndogo na kazi inafanya.

ZUHURA: Na BM-800 je? Kila geto ipo.

BEKA: Ile inaonewa. Ni kondensa, na nyingi zinauzwa na waya wenye XLR, ile plagi ya pini tatu, upande huu na pini kama ya hedifoni upande ule. Mtu anachomeka moja kwa moja kwenye laptopu. Sasa lile tundu linatoa volti chache tu, wakati kondensa za studio kwa kawaida zinataka volti 48. Sauti inatoka chini, unaipandisha, na ule mvumo wa "shiii" unapanda nayo. Halafu lawama kwa maiki.

ZUHURA: Kumbe saundikadi ya nje, kile kiboksi cha kuunganisha maiki na laptopu, haikwepeki.

BEKA: Hata kidogo. Behringer UM2, au Focusrite Scarlett Solo kama mfuko unaruhusu. Zina swichi ya volti 48. Kwa dainamiki aiache imezimwa, haina kazi nayo. Dainamiki sauti yake ni ndogo, kwa hiyo asogee, vidole vitatu hivi kutoka kwenye maiki. Gaini, yaani kiasi cha kupandisha sauti ya maiki, aiweke hivi: akiimba kwa nguvu zote, mshale wa kipimo cha sauti kwenye programu ugote kati ya desibeli -12 na -6.

ZUHURA: Akisogea hivyo, herufi P si zitapiga mabomu?

BEKA: Weka kiganja mbele ya mdomo, sema "pilipili".

ZUHURA: Pilipi... ehee, upepo huo!

BEKA: Ndio unaopasua rekodi. Henga ya nguo, soksi ya nailoni ya kina dada, chujio tayari. Au aigeuze maiki pembeni kidogo. Nyuma yake mwenyewe atundike blanketi zito, maana maiki inatazama huko.

ZUHURA: Hedifoni?

BEKA: Za kufunika masikio kabisa, biti isivuje ikaingia kwenye maiki. Programu ya kurekodia asinunue bado: Audacity ni bure, Reaper inajaribiwa siku 60.

ZUHURA: Na mvua ikipiga bati, fundi?

BEKA: Hapo hakuna kifaa, dada. Azime mitambo, akale.