Chemchemi, Shamba na Mchango wa Wanakijiji: Kuomba Pesa za Maji Serikalini

MHASIBU: Hamjambo nyote mnaotusikiliza, kuanzia Nakuru, Kisumu, hadi Vihiga na Busia. Leo ni pesa za miradi ya maji, zile ambazo serikali inatoa sehemu na wanakijiji wanatoa sehemu. Injinia, tuanze na mlango. Watu wengi hubisha pasipo pao.

INJINIA: Kweli, dada. Katiba, Jedwali la Nne, imegawa kazi hii. Kulinda vyanzo vya maji ni kazi ya serikali ya kitaifa. Huduma ya maji, yaani mabomba mpaka kwa watu, ni ya kaunti. Kwa hivyo jiulizeni kwanza: tunataka kulinda chemchemi na kingo za mto, au tunataka kuvuta maji hadi sokoni?

MHASIBU: Na kama ni kulinda chanzo?

INJINIA: Sheria ya Maji ya 2016 inatambua jumuiya za watumiaji wa rasilimali za maji, zile tunaziita WRUA. Jumuiya hufanya kazi na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo ofisi zake za mabonde huku kwetu ziko Kakamega, Kisumu na Nakuru. Sheria hiyo hiyo imeupa Mfuko wa Amana wa Sekta ya Maji kazi ya kusaidia juhudi za wanakijiji katika maeneo yasiyohudumiwa vizuri. Lakini kila jumuiya inatakiwa kuwa na mpango wa kusimamia kijibonde chake, yaani eneo ambalo maji yake yote huteremkia mto mmoja. Kama chemchemi yenu haimo katika mpango huo, itieni kwanza. Kwenye ombi, andikeni hata ukurasa ilipo, maana msomaji ana maombi mengi mezani.

MHASIBU: Upande wa kaunti, kalenda ndiyo bwana. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Makadirio ya bajeti hupelekwa kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Ukienda ofisini mwezi wa Mei kuomba kaunti ichangie, umechelewa karibu mwaka mzima. Fikeni kwenye vikao vya wadi kabla ya Agosti, mtaje chemchemi kwa jina na kijiji, na mhakikishe imeandikwa.

INJINIA: Wengine huambatisha barua ya kaunti isemayo "tunaunga mkono".

MHASIBU: Barua hiyo si pesa. Barua yenye maana inataja kiasi, mwaka wa fedha, na mahali fungu hilo lilipo katika bajeti iliyopitishwa.

INJINIA: Sasa vipimo. Hapa ndipo maombi mengi huanguka, na dawa yake ni mtungi wa lita 20 na saa ya simu. Pimeni Januari au Februari, wakati wa kiangazi, wala si Mei mvua ikinyesha. Zibeni kandokando maji yote yapite kwenye bomba moja, mjaze mtungi mara tatu, mchukue wastani. Tuseme unajaa kwa sekunde 40. Hiyo ni nusu lita kwa sekunde, lita 1,800 kwa saa, lita 43,200 kwa siku nzima.

MHASIBU: Mtu akigawanya hizo kwa lita 20 za kila mtu kwa siku, anaandika watu 2,160.

INJINIA: Na hapo amekosea! Usiku hakuna anayeteka. Watu wakiteka kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, wanapata lita 21,600, watu 1,080. Nusu nyingine inateremka mtoni watu wamelala. Basi ama andikeni 1,080, ama muombe na tangi. Tangi la lita 10,000 litajaa kwa muda wa saa tano na nusu hivi, na asubuhi ile foleni ya akina mama inapungua. Hesabu ya namna hii ndiyo inayomfanya mkaguzi aamini kwamba mliinama pale majini.

MHASIBU: Watu wa Nakuru wao huomba kisima cha kuchimbwa kwa mashine.

INJINIA: Wao waanze na maabara. Maji ya ardhini ya Bonde la Ufa mara nyingi yana floridi nyingi, na kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha, kwa sababu maji hupungua nayo inabaki. Kama visima vya jirani vimezidi kiwango, ombi liseme mtaichuja vipi na nani atalipia.

MHASIBU: Turudi kwenye chemchemi. Ujenzi wenyewe huharibikia wapi?

INJINIA: Kwenye kimo. Fundi anajenga ukuta mrefu, anaweka bomba la kutokea juu kuliko jicho la maji, yaani pale yanapobubujika. Maji yanasukumwa nyuma, yanatafuta njia nyingine, na baada ya msimu mmoja chemchemi imehamia shamba la jirani. Bomba liwe chini ya jicho, daima. Nyuma ya ukuta panga mawe safi na kokoto, juu yake nailoni nzito, kisha udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Weka bomba la kumwagia maji ya ziada. Toka bomba la kutekea hadi sakafuni acha sentimita 50 au 60, mtungi uingie wima. Upande wa juu chimba mtaro wa kukinga maji ya mvua, zungusha ua, na choo kikae mita 30 au zaidi. Mikaratusi iliyo karibu iandikwe kwenye ombi pamoja na mpango wa kuing'oa. Inakunywa kweli.

MHASIBU: Haya, mchango wa wanakijiji. Someni wito wa maombi, yaani tangazo la kuomba pesa, neno kwa neno. Tuseme linataka wanakijiji wachangie asilimia 15: asilimia 15 ya nini? Mradi wa shilingi 1,600,000, kama ni asilimia 15 ya gharama yote, mchango ni 240,000. Kama ni asilimia 15 ya pesa mnazopewa, mchango ni kama 208,700. Tofauti inapita elfu thelathini, na ukijaza fomu kwa hesabu isiyotakiwa, hesabu ya bajeti yako haitalingana.

INJINIA: Hizo 240,000 watatoa wapi?

MHASIBU: Nitakupa mfano, bei mbadilishe kwa za kwenu. Watu 40, siku 6, kibarua shilingi 500: 120,000. Lori tatu za mawe, 12,000 kila moja: 36,000. Zinabaki 84,000 taslimu, yaani nyumba 120 kwa shilingi 700. Kosa la kawaida ni kuongeza bei ya kibarua. Mtu anaandika watu 20 kwa shilingi 1,000 apate zile zile 120,000. Mkaguzi anayejua kibarua cha huko ni 500 anakata nusu, na pengo la 60,000 limefunguka.

INJINIA: Na kazi waliyokwisha kufanya?

MHASIBU: Mara nyingi haihesabiwi. Mtaro uliochimbwa kabla ya mkataba kutiwa sahihi ni wenu, Mungu awabariki, lakini hauingii kwenye mchango. Mkianza, wekeni daftari la kila siku: jina, nambari ya kitambulisho, kazi, sahihi. Msijaze jioni ya mwisho kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Mkaguzi huona mara moja. Taslimu ziwe benki kabla ya kuomba, kwa jina la kikundi lile lile lililo kwenye cheti cha usajili. Herufi moja ikitofautiana, malipo yanarudi. Na pesa huja kwa awamu: msipotoa hesabu ya awamu ya kwanza, ya pili haiji.

INJINIA: Msipange vibarua mwezi wa Machi au Aprili. Watu wako shambani wanapanda mahindi.

MHASIBU: Kabisa. Sasa lile linalovunja vikundi: ardhi. Chemchemi nyingi za Vihiga na Kakamega ziko katika shamba la mtu. Neno la mdomo halitoshi. Andikeni makubaliano yenye nambari ya shamba, ukubwa wa eneo kwa mita, njia ya kupita, na haki ya watu wote kuteka. Atie sahihi mwenye shamba, mke au mume wake, na watoto waliofikia utu uzima, mbele ya chifu au wakili.

INJINIA: Watoto wa nini?

MHASIBU: Kwa sababu mzee akishafariki, ni wao watakaoweka kufuli. Na angalieni hati ya shamba ina jina la nani. Likiwa bado la babu aliyekwisha kufa, anayewakubalia leo hana cha kutoa mpaka urithi ushughulikiwe.

INJINIA: Na akikataa kutia sahihi, ila anasema "jengeni tu, mimi sina neno"?

MHASIBU: Msijenge hapo. Chukueni mtungi wenu na saa ya simu, mkapime chemchemi nyingine.