Biblia, Msahafu, au Wewe Huna?

SALIM: Asalaam aleikum, na habari za saa hizi popote unapotusikilizia. Mimi ni Salim, na mwenzangu ni yule yule mnayemlalamikia.

NEEMA: Neema. Jina nilipewa na bibi yangu, mama wa kanisa kwelikweli. Karibuni.

SALIM: Leo nimemwambia asitoroke. Miezi yote hii mnatuandikia: "Huyo dada haamini Mungu, anataka kutuambia nini kuhusu dini na siasa?" Basi dada, leo ni zamu yako kuulizwa. Kwanza nikuite nani? Mkanamungu?

NEEMA: Ukiniita hivyo nitaitika, ila silipendi. Kukana ni kukataa kitu unachokijua. Petro alimkana Yesu, na alikuwa amekula naye jioni ile ile. Mtu akikana deni, tunaelewa deni lipo. Sasa ukisema nimemkana Mungu, umeshafunga mjadala kabla hatujakaa. Mimi ni asiyeamini, basi.

SALIM: Na kafiri?

NEEMA: Hilo ukilisema kwa sauti ni tusi, ukilisema taratibu ni fiqhi. Wewe unalisemaje?

SALIM: [anacheka] Taratibu, dada, taratibu. Haya, waeleze ile habari ya mahakamani.

NEEMA: Niliitwa kuwa shahidi, miaka kadhaa sasa. Jirani yangu na mwenye nyumba wake, kodi imelipwa, kodi haijalipwa. Nasimama pale, karani ananiuliza hata kichwa hajainua: "Biblia au Msahafu?" Nikasema sihitaji chochote kati ya hivyo. Hapo akainua kichwa. "Dini gani?" Sina. "Huna, au umeacha?" Utadhani ananiuliza habari za sigara. Watu nyuma wakacheka. Hakimu akanitazama juu ya miwani, akasema, "Huyu atathibitisha," yaani nitaahidi kusema kweli bila kumtaja Mungu, nikasomewa maneno, nikayafuata, kwisha. Lakini wakili wa upande wa pili alipoinuka, swali lake la kwanza lilikuwa: "Shahidi, kwa hiyo wewe huna unayemwogopa?"

SALIM: Swali zuri. Hata mimi ningeuliza.

NEEMA: Najua. Na John Locke angeuliza. Huyu mwanafalsafa Mwingereza mwaka 1689 alichapisha barua ya kutetea watu wa dini tofauti waachwe waabudu wanavyojua, na hadi leo anasifiwa kwa hilo. Alipofika kwa watu kama mimi akafunga mlango. Wanaokataa kuwepo kwa Mungu wasivumiliwe, akasema, kwa sababu ahadi, mikataba na viapo haviwezi kuwashika.

SALIM: Sasa alikosea wapi? Mimi nikiapa, najua kuna Anayesikia. Mahakama inaweza isinigundue, lakini iko siku. Wewe siku yako ni ipi?

NEEMA: Jibu la kisheria ni rahisi: nikithibitisha halafu nikadanganya, kosa ni lile lile na kifungo ni kile kile. Lakini najua hilo halikuridhishi. Nina hofu zangu. Naogopa jirani yangu ajue nimemsingizia mtu kwa ajili yake. Naogopa mwanangu aje asikie. Hofu yako ni kubwa kuliko yangu? Huenda. Mizani ya kuzipima sijaiona. Nilichokiona ni viongozi, duniani kote, wanaoapishwa na kitabu kitakatifu mkononi mbele ya kamera, kisha fedha za umma zinayeyuka.

SALIM: Hao hawaamini. Wanaigiza.

NEEMA: Basi hicho kiapo kiliwachuja vipi? Kaka Salim, hapo ndipo ninapokaa mimi, hoja zangu nyingine zote ni matawi. Weka sharti kwamba huwezi kuingia mpaka umtaje Mungu. Anayeamini atapita. Asiyeamini aliye mwongo naye atapita, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Atakayebaki nje ni asiyeamini aliyekataa kudanganya. Yaani umejenga chujio linalozuia wakweli! Na hili sikulibuni mimi, mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill aliliandika mwaka 1859, akiwasema majaji waliokuwa wanakataa ushahidi wa watu kama mimi.

SALIM: Hapo umenipata kidogo. Kidogo tu.

NEEMA: Kuna mtu yalimpata mazima mazima. Charles Bradlaugh. Mwaka 1880 watu wa Northampton, Uingereza, walimchagua kuwa mbunge. Haamini, na kila mtu anajua, maana alizunguka nchi nzima akihutubia hivyo. Akaomba athibitishe badala ya kuapa. Wakakataa. Akasema sawa, basi nitaapa, ingawa maneno yale ya Mungu kwangu ni matupu. Wakakataa tena: wewe huwezi kuapa, umeshatuambia huamini!

SALIM: Subiri. Kuthibitisha hawezi, kuapa hawezi?

NEEMA: Hawezi. Alipogoma kutoka ukumbini walimweka kizuizini usiku ule kwenye mnara wa saa, ule ule wenye Big Ben. Wakitangaza kiti kiko wazi, wapiga kura wanamrudisha. 1881 wamemrudisha, 1882 wamemrudisha, 1884 tena. Mwaka 1881 polisi na wahudumu wa Bunge walimkokota hadi nje. Miaka sita, kaka. Mwaka 1886 Spika mpya hakutaka kusikiliza pingamizi la mtu, akaacha Bradlaugh aape, na akaapa.

SALIM: Kwa Mungu?

NEEMA: Kwa Mungu asiyemwamini. Na Bunge likapumua! Hebu fikiria, wamepigana miaka sita kulinda heshima ya jina la Mungu, na walichopata mwisho wa yote ni mtu anayelitamka bila kulimaanisha. Wewe mwenye imani hilo halikuudhi? Mimi nisiyeamini linaniudhi. Mwaka 1888 yeye mwenyewe akapitisha sheria ya kuruhusu kuthibitisha. Mwaka 1891, akiwa mahututi kitandani, Bunge likapiga kura kufuta kwenye kumbukumbu zake lile azimio la 1880 la kumzuia. Alikufa siku chache baadaye.

SALIM: Sasa niruhusu. Unaizungumzia habari hii kama vita vya waumini dhidi ya wasioamini.

NEEMA: Sivyo, na nashukuru umeuliza, maana Bradlaugh alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Mbele yake walisimama watu wa dini. Daniel O'Connell alichaguliwa 1828, Mkatoliki, kiapo cha wakati huo kilimtaka aikane imani yake. Ilibidi sheria ibadilishwe 1829. Akaja Joseph Pease, Mquaker, dhehebu la Kikristo. Hao hawaapi kabisa, kwa sababu Yesu kwenye Mathayo sura ya 5 amesema usiape, ndiyo yako iwe ndiyo. Akaruhusiwa kuthibitisha 1833. Akaja Lionel de Rothschild, Myahudi, kachaguliwa 1847, na kiapo kinasema "kwa imani ya kweli ya Mkristo". Alisubiri mpaka 1858. Huo mlango niliopita mimi mahakamani, wa kusema "nathibitisha", ulichongwa na watu wanaomwogopa Mungu kiasi cha kukataa kumwapia. Wallahi, wale Waquaker nawadai shukrani...

SALIM: Eeh! Umesema nini?

NEEMA: [anacheka] Limeponyoka.

SALIM: Umeapa! Jamani mmesikia? Dakika zote hizi anatuhubiria habari za viapo, kumbe anavyo mdomoni!

NEEMA: Ni lugha yangu, niende wapi? Nikipiga chafya nasema alhamdulillahi, nikiagana nasema Mungu akipenda. Lugha haikuniuliza kama naamini. Tofauti ni kwamba hakuna karani aliyenishika mkono niseme.

SALIM: Haya, umekwepa. Sasa swali langu lenyewe, nimelileta kutoka nyumbani. Ninyi mnasema dini ibaki nyumbani, ibaki msikitini. Lakini Martin Luther King, yule mtetezi wa haki za Weusi Marekani, alikuwa mchungaji. Desmond Tutu alikuwa askofu. Mngewaambia warudi madhabahuni?

NEEMA: Mimi sisemi dini ibaki nyumbani. Kuna wenzangu wanaosema hivyo na tunagombana. Mtu anaingia kwenye siasa mzima mzima, huwezi kumwambia aache moyo mlangoni. Ninachoomba ni kwamba akitaka sheria itakayonibana mimi pia, anipe sababu ninayoweza kuikagua. Akiniambia "Mungu kaniambia", nitaikagulia wapi? King hoja zake zilikaguliwa na...

SALIM: Samahani. Ile barua ya King kutoka jela ya Birmingham, 1963. Anamtaja Augustino, mwalimu wa kanisa la kale: sheria dhalimu si sheria. Anamtaja Thomas wa Aquino, mwanateolojia Mkatoliki: sheria ya haki ipatane na sheria ya Mungu. Hiyo nayo unaikagulia wapi?

NEEMA: [kimya] Umejiandaa, wewe.

SALIM: Nilikwambia nimelileta kutoka nyumbani.

NEEMA: Sawa. Kwanza, barua ile ilikuwa inawajibu viongozi wanane wa dini, kwa hiyo aliwasemesha kwa lugha ya nyumbani kwao. Lakini sitajificha hapo. Baada ya Augustino anaendelea: sheria dhalimu ni ile ambayo walio wengi wanawalazimisha walio wachache kuifuata, na wao wenyewe haiwafungi. Hiyo naikagua vizuri kabisa. Mtoto anaikagua.

SALIM: Lakini hakufika hapo bila Augustino.

NEEMA: Sijui moyo wake ulipitia wapi kufika, na nakubali pengine bila imani asingekuwa na ujasiri wa kukaa jela. Hilo nakupa, bila masharti. Ila kumbuka waliotetea utumwa walisimama kwenye mimbari wakiwa na kitabu hicho hicho, na aya zao wakizijua kwa moyo. Mimi nisiyeamini, nikiwa katikati ya wachungaji wawili wanaorushiana aya, nitampimaje mkweli? Nina ile hoja ya pili tu.

SALIM: Hapo tuache, sijakubali lakini nitaenda kuifikiria. Nataka kukuuliza la kitambaa. Ufaransa, sheria ya 2004, wasichana wasivae hijabu shule za serikali. Ninyi mlishangilia.

NEEMA: Kina nani? Mimi sikushangilia. Sheria inakataza alama zozote za dini zinazoonekana wazi, msalaba mkubwa na kofia ya Kiyahudi vimo, najua wanavyojitetea. Lakini mwanafunzi si serikali. Hakimu nikimwona kwenye kiti chake na alama ya dini kubwa kifuani, nitajiuliza kama atanisikia. Binti wa miaka kumi na mitatu kwenye dawati hanihukumu mimi, anasoma hesabu. Serikali inayomvua kitambaa inamwuliza swali lile lile la yule karani, imeligeuza tu.

SALIM: Hilo sikulitarajia kutoka kwako.

NEEMA: Kwa sababu unadhani nataka dunia isiyo na misikiti. Hiyo ilishajaribiwa. Albania, 1967, utawala wa Enver Hoxha ulifunga nyumba za ibada zaidi ya 2,000, misikiti, makanisa, kila kitu, nchi ikatangazwa kuwa isiyo na Mungu. Padri aliuawa kwa kumbatiza mtoto. Ilidumu hadi 1990. Unadhani walipata taifa la wasioamini? Walipata watu wanaoswali gizani. Muislamu wa Albania na Bradlaugh wangekaa pamoja wangeelewana kabla chai haijapoa.

SALIM: Na wanasiasa wetu wa kupanda madhabahuni na kukabidhiwa kipaza sauti?

NEEMA: Hilo nakuachia wewe. Ni mimbari yenu inayochafuka, mimi sina. Ningekuwa imamu ningemkaribisha, nikamwonyesha pa kukaa kwenye jamvi kama wengine, na kipaza sauti nikakikalia.

SALIM: [anacheka] Kuna maimamu watakuandikia. Kabla hatujafunga, hukutuambia. Kesi ya jirani iliishaje?

NEEMA: Tulishindwa.

SALIM: Nilijua! Kwa sababu hukushika kitabu!

NEEMA: Hapana, bwana. Mwenye nyumba, mzee wa watu, alishika Msahafu, akaapa, akasema kila kitu kwa utaratibu. Halafu akatoa kitabu cha risiti. Miezi minne jirani yangu hakuwa amelipa.

SALIM: Kumbe wewe ulitoa ushahidi gani?

NEEMA: Kwamba nilimwona akihesabu pesa akasema anakwenda kulipa. Na alihesabu kweli.