Uzi kushika sio kukubali

Haya mafundi, sogeeni hapa mezani, hizi fitingi mbili, viungio vya hozi za mafuta ya mashine, kila mtu azishike aangalie uzi wake, yale meno ya kufungia. Zote wanaziita nusu inchi. Ukihesabu meno kwenye urefu wa inchi moja unapata 14 huku na 14 kule, ukiweka venia, kile kipimo cha unene, moja inakupa kama milimita 21 na nyingine 21 na pointi kidogo, sasa kwa macho nani atazitofautisha? Ila hii ni BSP, aina ya uzi wa bomba ya Mwingereza, meno yake yana pembe ya digrii 55, na hii ni NPT ya Mmarekani, digrii 60. Ukizifunga zinashika vizuri tu, zinazunguka raundi mbili tatu zinakaza, fundi anafuta mikono anaondoka, halafu ekskaveta ikinyanyua ndoo mafuta yanaruka.

Ndo maana nawaambia kila siku, jina la saizi msiliamini. Nusu inchi ni milimita 12.7, na kwenye hii BSP hamtaipata popote mkipima uzi, hilo jina lilitokana na tundu la bomba la zamani. Pima mwenyewe. Venia kwanza, upime mwanzo wa uzi na mwisho wake, ukikuta unazidi kunenepa jua umechongoka. Halafu geji ya uzi, kile kibati chenye meno ya kulinganishia, na geji usiibandike tu, inua juu kwenye mwanga uangalie kati ya jino na jino, ukiona mwanga unapenya hata kidogo sio yenyewe, tafuta nyingine. Hapa ndo 55 na 60 zinaachana.

Mkimaliza uzi angalieni koni, ule uso uliochongoka kwenye mdomo wa fitingi, maana kwenye BSP za hozi na JIC, aina nyingine ya fitingi, kinachozuia mafuta ni koni, uzi unabana tu. JIC ni digrii 37 kutoka katikati, BSP ni 30. Ukizilazimisha zinagusana kamstari kembamba tu, na spana ndefu haisaidii, inapasua nati.

Na jamani, pakivuja msipapase kwa mkono, tumieni kipande cha boksi. Mafuta ya presha yanatoboa ngozi, kidonda kinaonekana kama umechomwa na sindano na pengine hata hakiumi sana, lakini ni hospitali saa hiyohiyo, usisubiri kesho, watu wamekatwa vidole na mikono kwa kusubiri.

Haya, wewe wa mwisho pale, chukua geji uniambie uliyoshika ni ipi.