Farasi wa Shetland: kisiwa kilimfanya mgumu, mgodi ukamfanya mnene

Haya jamani habari za jioni, kaeni kaeni tuanze. Leo naongelea farasi mfupi ambaye watu wakimuona kwenye picha wanacheka, wanadhani ni toi ya watoto wa matajiri. Farasi wa Shetland. Kwa vipimo vya Uingereza mwisho wake ni sentimita 107 mabegani, yani mtu mzima akisimama pembeni yake mgongo wa farasi unamfika kiunoni au chini kidogo. Na huyo huyo kwa saizi yake anavuta mzigo ambao farasi wengi wakubwa, ukilinganisha kwa uzito wa mwili, hawamfikii.

Shetland ni visiwa zaidi ya 100 kaskazini kabisa mwa Scotland, vingi havina mtu, na popote ukisimama bahari haiko mbali na wewe zaidi ya kilomita tano hivi. Miti karibu hakuna. Baridi yenyewe sio ya kutisha sana, tatizo ni upepo na mvua, upepo haulali, na majani ya malisho ni haba alafu hayana nguvu. Sasa farasi mkubwa pale anahitaji chakula kingi ambacho hakipo, mdogo anaponea, anazaa, na mwanae anakuwa mdogo vilevile, hivyo hivyo kwa maelfu ya miaka. Kipindi cha baridi anaota manyoya tabaka mbili, la ndani laini la kushika joto na la nje refu la kumwaga maji, mvua inapita juu ngozi inabaki kavu. Malisho yakiisha anashuka ufukweni kula mwani.

Kazi zake kwa wakulima wa pale zilikuwa za kubeba. Kule kuni hakuna kwaiyo watu wanachimba mboji, yani udongo wa mimea iliyooza unaowaka moto, kwenye maeneo ya majimaji, wanaikata vipande, wanaikausha na kuichoma, na wa kuitoa huko mlimani ni farasi na tandiko la mbao lenye vikapu viwili huku na huku. Mliofika Lamu mkaona punda na shogi lake, picha ndo hiyo. Hata singa za mkia zilikuwa mali, walisokotea mishipi ya kuvulia samaki, mpaka ikawepo sheria ya kukataza mtu kukata mkia wa farasi wa mwenzie! Mi hiyo sheria naipenda sana, maana sheria haitungwi kama hakuna wezi.

Sasa njooni 1842, hapa ndo penyewe. Bunge la Uingereza linapiga marufuku wanawake, wasichana na wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi kwenye migodi ya makaa ya mawe. Jambo jema kabisa. Ila wale watoto walikuwa wanavuta na kusukuma mabehewa kwenye njia fupi ambazo mtu mzima hanyooki, nani atachukua nafasi yao? Wenye migodi wakatazama huku na huku wakamuona huyu mfupi wa visiwani. Wakaanza kununua na kupakia melini kwenda Durham na kwengineko, na walitaka madume, majike hawakushushwa migodini. Kwenye migodi ya mashimo marefu zizi lilikuwa huko huko chini, mnyama aliyezaliwa kwenye upepo wa bahari anaishi gizani miaka na miaka.

Ubaya ukaonekana visiwani, maana madume mazuri yameuzwa yote, yaliyobaki ni dhaifu na ndo hayo yanapanda majike. Mbegu ikaanza kuharibika. Aliyeligundua hilo ni mwenye migodi mwenyewe, Marquess wa Londonderry (Marquess ni cheo cha ukoo wa kibwanyenye kule Uingereza), sio kwa huruma jamani, alitaka mali nzuri. Miaka ya 1870 akaweka shamba la uzalishaji kwenye visiwa vya Bressay na Noss, akachagua wafupi, wanene, mifupa mizito, kifua kipana, na dume lake moja likiitwa Jack likasambaza damu mpaka leo ukifuatilia ukoo unamkuta. 1890 kikaanzishwa chama cha kuandika ukoo wao, cha kwanza kwa farasi wadogo wa asili wa Uingereza. 1899 shamba la Londonderry likavunjwa, lakini umbo lilishatengenezwa.

Wengine walishavuka kwenda Marekani, kule wakawachanganya na damu ya Hackney, aina ya farasi wa Uingereza wa kuvuta magari kwa madaha, wakatoka warefu wa miguu, wembamba, wa kuringa. Ukiwaweka pamoja na wa visiwani huwezi kusema ni ndugu.

Leo bado wapo visiwani kwenye malisho ya pamoja, wageni wanadhani ni wa porini kumbe kila mmoja ana mwenyewe. Ila kichekesho ni wale waliopelekwa bara kwenye majani mazuri. Mwili uliozoea njaa ukipewa majani mabichi yenye sukari nyingi kwato zinavimba kwa ndani, mnyama hawezi kusimama, asipowahiwa anakufa. Ndo maana wafugaji wa Uingereza wanamfungia kwenye kipande kilichokwisha majani, au wanamvalisha kikapu mdomoni ili ale kidogo kidogo, na yeye anatafuta kila ujanja wa kukivua.